Neno "heed" limegoma kukaa kichwani? Tafuta dalili yako hapa

Kuna maneno ya Kiingereza mtu anayaona kila wakati, kwenye habari, kwenye mitihani, kwenye maandishi ya onyo, na bado hayakai. "Heed" ni mojawapo na ni la kusikia aibu kidogo kwa sababu lina herufi nne tu. Unafungua kamusi inakwambia "zingatia, tilia maanani", unaandika kwenye daftari, unaridhika, halafu siku ukilitumia mbele ya mtu anayejua anakuangalia tu kama vile umesema kitu cha ajabu ila hataki kukukatisha.

Shida ni kwamba watu wanakosea neno hili kwa sababu tofauti kabisa, mmoja tatizo lake ni maana, mwingine ni mdomo, mwingine ni kale kaneno "to" anakokachomeka, na wote wanapewa dawa moja: "rudia rudia utalizoea". Hapana bwana, ukirudia kosa unalizoea kosa. Kwa hiyo nimepanga kwa dalili, nenda kwenye yako moja kwa moja, ingawa ile ya kwanza ningeomba kila mtu aisome kwa sababu nyingi za huko chini zinaanzia hapo.

DALILI: Unajua kwamba ni "kuzingatia" ila sentensi zako zinatoka za ajabu

Yaani unaandika vitu kama hivi:

"I heeded a tall man at the gate."
"Please heed when I am speaking."
"She heeded that the door was open."

Zote tatu ni kosa, na zote zimetoka kwenye chanzo kimoja. "Zingatia" ya Kiswahili ni pana sana. Unazingatia muda, unazingatia anachosema mwalimu, unazingatia masharti, unazingatia kwamba fulani ni mgeni hivyo usimkaripie. Kiingereza kimeyagawa hayo kwa maneno tofauti tofauti, na "heed" limepewa kipande kidogo tu. Wewe umelibebesha mzigo wote.

Kipande chake ni hiki: kuna jambo limesemwa au limeonyeshwa, onyo, ushauri, wito, dalili ya hatari, halafu mtu akalichukulia kwa uzito kiasi cha kubadilisha anachofanya. Usikivu plus kitendo. Ukiondoa kitendo neno linakufa. Mtu aliyekaa akakusikiliza vizuri saa nzima akitikisa kichwa, halafu akatoka akafanya vile vile alivyokuwa anataka tangu mwanzo, huyo amesikiliza lakini hajafanya "heed". Na ndo maana sentensi ya yule mtu mrefu getini haifai, kumuona mtu ni "notice", hakuna aliyeshauri kitu pale. Ya pili anataka "pay attention", ya tatu ni "notice" tena.

Sasa kitu kizuri ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili maana hii anayo tayari, ila anaitafuta kwenye neno ambalo sio. Usiitafute kwenye "zingatia", itafute kwenye "sikia". Mzazi akisema "huyu mtoto hasikii" hakuna anayekimbilia kumpima masikio, kila mtu anaelewa kwamba mtoto anaambiwa na hafuati. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, huyo aliyevunjika masikio yake yalikuwa mazima kabisa na maneno ya mkuu aliyapata yote. Sikio la kufa halisikii dawa, hali ni ile ile. Hiyo "sikia" ya kwenye methali ndiyo "heed". Ukilishika hapo nusu ya kazi imeisha.

Jipime hivi kabla hujaliandika. Swali la kwanza, kuna onyo, ushauri, wito au ishara yoyote kwenye hii sentensi? La pili, ninachotaka kusema ni kama mtu alifuata au hakufuata? Kote ikiwa ndiyo, liweke. Moja likiwa hapana, tafuta neno lingine, usilazimishe.

DALILI: Ukisoma habari hujui kama waliambiwa au hawakuambiwa

Hii inawapata wengi wanaosoma habari za ajali na majanga, maana huko ndo makazi ya neno hili. Utakutana na "failed to heed", "did not heed", "went unheeded". Msomaji anajua kuna kitu hakikufanyika ila hana uhakika ni kipi, je taarifa haikufika, au ilifika ikapuuzwa?

Chukua Titanic. Tarehe 14 Aprili 1912 waendesha mitambo ya redio kwenye ile meli walipokea maonyo ya barafu kutoka kwa meli kadhaa zilizokuwa maeneo yale. Baadhi ya maonyo yalimfikia nahodha na maofisa wake. Meli haikupunguza mwendo. Usiku ikagonga mwamba wa barafu, alfajiri ya tarehe 15 ikawa imeshazama na watu kama 1,500 wamekufa. Kwa yale maonyo yaliyowafikia unaweza kuandika bila wasiwasi "The officers did not heed the warnings", waliyapata, waliyaelewa, mwendo haukubadilika. Lakini kuna ujumbe mwingine, wa meli iitwayo Mesaba, ambao inaelezwa kwamba haukufikishwa kabisa kwa maofisa. Huo huwezi kusema nahodha "did not heed", hakuupata, na huwezi kukataa kufuata kitu ambacho hujawahi kukipata. Ila ukigeuza sentensi useme "The warning went unheeded" inakubalika, kwa sababu hapo humlaumu mtu fulani, unasema tu onyo lilitolewa na hakuna aliyelifanyia kazi. Tofauti ni ndogo ila inaonyesha ni nani unamtupia lawama, na mwandishi wa habari makini anaijua vizuri.

Mfano mwingine ambao kwangu ni bora zaidi kwa sababu kusikilizana kulikuwepo tena kwa kirefu: chombo cha anga cha Challenger, kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka tarehe 28 Januari 1986 na watu wote saba waliokuwemo wakafa. Usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake za pembeni, mmoja wao ni Roger Boisjoly, walikaa kwenye kikao cha simu na watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, wakieleza kwamba baridi ile inaweza kuharibu mipira inayoziba maungio ya roketi, na wakashauri kisirushwe. Wakasikilizwa, wakaulizwa maswali, wakabishiwa, mwisho wakubwa wa kampuni yao wenyewe wakabadili msimamo na chombo kikarushwa. Hapo "listen" lilikuwepo. "Heed" halikuwepo. Ukitaka sentensi moja ya kukumbuka tofauti ya hayo maneno mawili chukua hii: "They listened to the engineers, but they did not heed the advice."

Utagundua pia kwamba neno hili linapenda kukaa kwenye sentensi za kukanusha. Watu waliofuata ushauri na mambo yakaenda salama hawaandikwi sana, hakuna stori. Kwa hiyo ukijifunza "fail to heed" kama kifurushi kimoja umejifunza sura ambayo utakutana nayo mara nyingi.

DALILI: Unaandika "heed to"

Hii ndo dalili namba moja kwa wanaoandika insha. "We should heed to the advice of our elders." Sababu yake inaeleweka, umezoea "listen to", umezoea "pay attention to", ubongo unasema haya maneno ni familia moja basi na hili lipewe "to" lake. Halipewi. Kikiwa kitenzi linashika jambo lake moja kwa moja bila kitu katikati:

"We should heed the advice of our elders."
"Nobody heeded the warning."
"Heed what she is telling you."

Kinachowavuruga watu ni kwamba kuna sehemu "to" inaonekana kweli, wanaiona kwenye kitabu halafu wanarudi wamechanganyikiwa zaidi. Hapo neno limegeuka kuwa nomino, na limeshikwa na kitenzi kingine mbele yake: "pay heed to the warning", "give heed to his words", "take heed of the signs". Kwa hiyo sheria yenyewe ni nyepesi. Kama mbele yake kuna "pay", "give" au "take", kihusishi kinaruhusiwa, "to" kwa hizo mbili za kwanza na "of" kwa "take". Kama hakuna, futa hako ka-"to" fasta.

Na likiwa nomino halihesabiki. Hakuna "a heed", hakuna "many heeds". Ukiona "heeds" mahali hicho ni kitenzi cha mtu mmoja, "she heeds", basi.

Kosa la jirani yake ni kuliwekea "that", kama "he heeded that it was dangerous". Haliendi. "Heed" linataka kitu cha kushika, "the danger", "the warning", "what they said", halitaki habari nzima yenye kiima na kitenzi iliyoanza na "that".

DALILI: Unalitamka watu wanasikia neno lingine

Ukisema "heed" mtu anasikia "hid", au "heat", au "hit", au anasikia kitu kama "hidi" na anabaki kukuuliza what?

Hapa kuna matatizo matatu na yanahitaji kutenganishwa kwa sababu kila moja liko sehemu yake mdomoni.

La kwanza ni mwishoni. Silabi za Kiswahili karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo ulimi ukifika kwenye d unaogopa kuachwa hewani unaongeza i au u kidogo. Zoezi lake: sema "heed" halafu ncha ya ulimi ibaki imegusa nyuma ya meno ya juu, usiiachie, hesabu moja mbili kimya kimya. Ukiweza hivyo bila kutoa sauti umeshaiua ile irabu ya ziada.

La pili ni urefu. Habari njema ni kwamba sauti ya katikati unayo tayari, i ya Kiswahili iko karibu sana na ile "ee". Usihangaike kuigeuza, ivute tu, hiiid. Kigumu kiuhalisia ni kinyume chake, ile i ya "hid" ambayo Kiswahili hakina, inakaa kati ya i yetu na e yetu na ni fupi. Mzungumzaji wa Kiswahili asiyejua hili anayatamka yote mawili kwa i moja ile ile, kwa hiyo hata akisema "heed" sahihi msikilizaji hana uhakika maana na "hid" yake iko hivyo hivyo.

La tatu ndo linalosahaulika. Tofauti ya "heed" na "heat" wengi wanadhani iko kwenye d na t tu. Kumbe kwenye Kiingereza irabu inayofuatwa na t inakatwa mapema, ikifuatwa na d inaachwa irefuke, na sikio la mwenye lugha linategemea sana huo urefu kuliko hiyo konsonanti ya mwisho ambayo mara nyingi inatamkwa nusu nusu. Kwa hiyo ukikata irabu fupi hata ukisisitiza d kwa nguvu zote watasikia "heat". Vuta.

Jipime na simu, weka ile ya kuandika kwa sauti kwenye lugha ya Kiingereza, halafu usiseme sentensi kamili kwa sababu programu inabahatisha kutokana na maneno ya jirani na itakusaidia kukudanganya. Sema neno moja moja, "heed", pumzika, "hid", pumzika, "head", "heat". Ikikuandikia "he'd" kwenye la kwanza usikasirike, umefaulu, hayo mawili yanasikika sawa sawa kabisa na simu imechagua linalotumika zaidi.

Na "heeded" ni silabi mbili, hii-did, ile "ed" inatamkwa kwa sababu imekuja baada ya d. Usiimeze.

DALILI: Sarufi iko sawa, matamshi sawa, ila unaambiwa unaongea kama Biblia

Hukosei. Umelipeleka mahali ambapo haliishi. "Heed" ni neno la maandishi na la hotuba, la taarifa rasmi, la mtu aliyesimama mbele ya maikrofoni akiwaomba wakazi wafuate maelekezo ya kuhama kabla ya kimbunga. Kwenye maongezi ya kawaida watu wanasema "listen", "take my advice", "do what she told you". Ukimwambia rafiki yako "heed me" unasikika kama mtu wa karne zilizopita, na ukimwambia "take heed" ndo kabisa, maana tafsiri ya Kiingereza ya Biblia ya King James, ya mwaka 1611, imejaa hiyo "take heed" pale ambapo Kiswahili kinasema angalieni au jihadharini, na wenye lugha wengi wanaibeba hivyo masikioni.

Kwa hiyo kipimo ni kimoja, ungeweka "zingatieni" kwenye tangazo la maandishi? Basi "heed" linafaa. Unaongea na mtu mezani? Tumia "listen to". Wapo walimu wanaolazimisha wanafunzi waongee na maneno ya namna hii ili Kiingereza kionekane kimepanda, mimi naona wanawaharibia, mwanafunzi anaonekana amekariri na sio kwamba anajua.

DALILI: Likibadilika sura hulitambui

Unajua "heed", ukiona "unheeded" unasimama, ukiona "heedless" unapita tu ukiomba Mungu.

"Unheeded" ni onyo au wito ambao hakuna aliyeufuata, na karibu kila mara linakuja na "go": "The calls for help went unheeded". Usiseme mtu ni "unheeded child" ukimaanisha mtoto asiyesikia, umegeuza, hapo umesema mtoto ambaye yeye ndiye hasikilizwi. Hasikii yeye au hasikilizwi yeye, angalia sana, ni mambo mawili yanayogongana.

"Heedless" ni mtu anayekwenda bila kujali, na linapenda "of" baada yake: "heedless of the danger", "heedless of the cost". Hapa maana imetanuka kidogo, sio lazima awe ameonywa na mtu, inatosha kwamba hatari ilikuwa inaonekana na yeye kichwa chini anasonga. "Heedlessly" ndo hivyo hivyo kwa kitendo. "Heedful" lipo ila ni adimu, lijue ukiliona, usijisumbue kulitumia.

Kama unapenda kujua neno limetoka wapi ili lishike, "heed" ni neno la zamani sana la Kiingereza na lina ndugu kwenye Kijerumani, "hüten", maana yake kulinda au kuchunga, mifugo kwa mfano, na ukilifanya la kujitendea mwenyewe linakuwa kujihadhari. Sasa tazama Kiswahili: unachunga mbuzi, na unaambiwa chunga ulimi wako. Njia ile ile. Mimi hii inanisaidia kuliko kadi kumi za kukariri, ila watu hawafanani, kama asili ya maneno inakuchosha ruka.

DALILI: Unalichanganya na maneno ya jirani kwenye mtihani wa kuchagua

Chanzo ni kukariri orodha ya visawe, mtu anaandika "heed, obey, notice, mind, observe, attend" kwenye mstari mmoja kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa haraka haraka basi: "obey" inataka amri au mtu mwenye mamlaka, "heed" inatosha ushauri. Sheria unai-"obey", onyo una-"heed", na amri ya kuhama inaweza kupokea yote mawili kwa sababu ni amri na onyo kwa pamoja. "Notice" ni jicho au akili imeona, hakuna kitendo. "Attend" peke yake ni kuhudhuria, ikipata "to" inakuwa kushughulikia. "Observe" ni kutazama kwa makini, au kushika sheria na sikukuu. "Mind" ni angalia usijeumia, ndo ile "Mind the gap" inayotangazwa kwenye treni za chini ya ardhi za London tangu 1968, tahadhari na ule uwazi kati ya treni na jukwaa. Ukiandika "Heed the gap" watu watacheka, uwazi haukushauri kitu. "Heed the announcement", hiyo sawa.

Na kama unalisoma kama "need" au "head" kwa sababu unasoma haraka, hakuna elimu hapo, punguza mwendo. Macho yakizoea neno kwenye vifurushi vyake, "heed the warning", hayatalichanganya tena.

DALILI: Umelielewa leo, wiki ijayo halipo

Hapa usijilaumu na usidhani una kichwa kibovu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kujipima baada ya muda, akachapisha matokeo mwaka 1885, na alichoona ni kwamba kusahau kunakwenda kasi sana mwanzoni halafu kunapungua. Maana yake marudio ya mwanzo ndo yenye thamani, na yanatakiwa yaanze mapema, kesho yake, sio mwisho wa mwezi siku moja kabla ya mtihani. Baadaye unaachia nafasi zinakuwa ndefu ndefu. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieneza njia ya kadi kwenye visanduku, kadi ukiipata inasogea sanduku la mbele linaloguswa kwa nadra, ukiikosa inarudi la kwanza, na programu nyingi za simu za kukariri maneno zinatumia wazo la namna hiyo hiyo.

Lakini kadi yenyewe wengi wanaiandika vibaya. Upande mmoja "heed", upande wa pili "zingatia". Hiyo kadi inakurudisha kwenye ile dalili ya kwanza kabisa. Andika sentensi yenye pengo: "The captain failed to ____ the ice warnings." Nyuma weka neno. Tengeneza nyingine ya "went un____", na nyingine ya "pay no ____ to". Hapo kila ukirudia unarudia neno pamoja na watu wake, maana, kihusishi na sura yake, vyote kwa mpigo. Na jibu lichimbe kichwani kabla hujageuza kadi, hata kama inauma, maana ukigeuza haraka haraka unasoma tu, unajiona unajua kumbe jicho ndo linajua.

Kitu kingine, na hapa mada inajizungusha yenyewe, mtu anaweza kupita kwenye neno mara nyingi sana bila kulipata kwa sababu hajawahi kuligundua. Richard Schmidt, mtafiti wa namna watu wanavyojifunza lugha ya pili, aliandika mwaka 1990 kwamba kinachoingia ni kile ambacho mwanafunzi amekigundua kwa akili yake, sio kila kilichopita mbele ya macho yake. Watafiti wanabishana ni kwa kiasi gani, ila kwa neno kama hili naona ana pointi, kwa sababu "heed" ukiliruka sentensi bado unaielewa kwa kubahatisha, "people did not … the warnings", unajaza mwenyewe unaendelea. Basi usiliruke. Ukiliona simama, uliza nani alionya, nani alitakiwa kufuata, alifuata? Sekunde chache tu.

DALILI: Unalijua ukilisoma, ila ukiongea halitoki

Liache. Kweli kabisa. Kujua neno kwa kulitambua na kujua neno kwa kulitoa ni viwango viwili, na sio kila neno linahitaji kufika cha pili, hasa hili ambalo hata wenye lugha wanaliweka zaidi kwenye maandishi. Anayeongea Kiingereza cha kila siku anaweza kuishi miaka bila kulitamka na hakuna atakayejua.

Kama unaandika insha, ripoti au barua rasmi na unataka liwepo, chagua vifurushi vitatu tu na uvitumie bila kuvibadilisha: "heed the advice" kwa ushauri uliofuatwa, "fail to heed the warning" kwa aliyepuuza, "go unheeded" pale ambapo hutaki kumtaja aliyepuuza. Viandike kwa mambo yaliyotokea kweli, ushauri ambao kweli ulipewa, onyo ambalo kweli kuna mtu alilipuuza na unajua kilichofuata. Mara moja kwenye ukurasa inatosha, likijirudia mara mbili kwenye aya moja badilisha la pili liwe "follow".